Namba Husomwa kwa Kanuni ya Aliyeiandika

Lori la shaba linaondoka Lubumbashi kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na katika hati yake ya mzigo, kwenye safu ya uzito kwa tani, pameandikwa 28,450. Karani wa Lubumbashi, aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, amekusudia tani ishirini na nane na kilo mia nne na hamsini, kwa kuwa shuleni kwao mkato ndio unaotenga namba nzima na desimali. Karani wa Dar es Salaam amefundishwa kwamba kazi hiyo ni ya nukta, na kwamba mkato hutenga maelfu. Machoni pake hiyo ni elfu ishirini na nane, mia nne na hamsini. Hata hivyo hatakosea, maana anajua hakuna lori duniani linalobeba tani elfu ishirini na nane. Atasahihisha kichwani na kuendelea na kazi. Kompyuta haijui habari za malori. Itapokea tarakimu ilizopewa, itazisoma kwa kanuni yoyote iliyo nayo wakati huo, na itatoa jibu bila kusita. Hoja ya sura hii ni kwamba kanuni hiyo isichukuliwe kwenye kompyuta inayosoma. Itoke kwa aliyeandika: ama imo ndani ya maandishi yenyewe, ama imo katika makubaliano ya wazi baina ya pande mbili. Isipopatikana kokote, programu ikatae kusoma.

Mgawanyiko huu ni wa zamani, na hakuna upande wenye haki ya kuuita mwingine kosa. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alipochapisha kijitabu chake De Thiende mwaka 1585 ili kuwafundisha wafanyabiashara na wapima ardhi hesabu za desimali, hakutumia nukta wala mkato. Aliweka kando ya kila tarakimu kiduara chenye namba ya kuonyesha nafasi yake. John Napier wa Uskoti, mwaka 1617, aliona nukta na mkato zote zafaa. Mwaka 1698 Leibniz alipendekeza nukta iwe alama ya kuzidisha, kwa sababu alama ya msalaba ilifanana mno na herufi x. Na kadiri nukta ilivyozoeleka kwa kazi hiyo Ulaya bara, mkato ulizidi kuimarika kama alama ya desimali, huku Waingereza wakishikilia nukta. Wakoloni wakaja Afrika kila mmoja na mazoea yake, na mipaka waliyoichora ikawa pia mipaka ya namna ya kuandika namba. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mapokeo yote mawili chini ya bendera moja: Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Wala lugha haimalizi shauri. Katika hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, Kiswahili cha Tanzania na Kenya kina nukta ya desimali, na Kiswahili cha Kongo kina mkato wa desimali na nukta ya maelfu. Lugha ni ileile, alama ni zilezile mbili, maana zimepinduliwa.

Mtu atasema: basi dunia ichague moja, yaishe. Dunia imeombwa, ikakataa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ambao ndio chombo cha juu cha mfumo wa metriki, uliazimia mwaka 2003 kwamba alama ya desimali itakuwa nukta au mkato. Katika azimio hilohilo ulirudia jambo uliloliamua tangu 1948, ambalo kwa maoni yangu lina manufaa makubwa zaidi: tarakimu zinaweza kupangwa tatu tatu kwa kuachiwa nafasi tupu, lakini nukta wala mkato usiwekwe kamwe ndani ya nafasi hizo. Azimio hili likifuatwa, utata wote unakwisha bila mtu yeyote kuacha alama yake ya desimali. Wahasibu hawakulifuata, na wana sababu: nafasi tupu ndani ya kiasi cha fedha ni mlango wazi kwa anayetaka kuchomeka tarakimu. Kwa hiyo mwandishi wa programu hana budi kuipokea dunia kama ilivyo.

Inafaa kuutazama utata wenyewe kwa karibu, maana una umbo maalumu. Namba nyingi hazina shida. Ukikuta 1.234,56 alama ya mwisho ndiyo ya desimali, hakuna ubishi. Ukikuta 1,234,567 mkato umejirudia, na namba haiwezi kuwa na desimali mbili. Katika 12,5 baada ya mkato kuna tarakimu moja tu, kwa hiyo si maelfu. Na 0,125 huanza na sifuri, na hakuna anayeandika maelfu kwa kuanza na sifuri. Shida yote imejikusanya mahali pamoja: alama moja pekee, nyuma yake tarakimu tatu kamili, mbele yake tarakimu moja hadi tatu. Ukikutana na 1,250 au 28.450, hakuna akili ya kompyuta wala ya binadamu inayoweza kutoa maana kwa kuangalia tarakimu peke yake. Na ukikosea, hukosei kidogo. Unakosea mara elfu moja.

Wengi hujifariji kwamba umbo hilo ni nadra. Si kweli. Mfumo wa metriki umejengwa juu ya elfu: kilo ina gramu elfu, lita ina mililita elfu, kilomita ina mita elfu, tani ina kilo elfu. Kila anayeandika kwa kipimo kikubwa huku akitaka usahihi wa kile kidogo ataandika tarakimu tatu baada ya alama ya desimali. Mizani ya sonara inayopima hadi miligramu huonyesha gramu zenye desimali tatu, kila mara. Fedha nazo zimo. Rial ya Oman hugawanyika katika baisa 1,000, na dinari za Kuwait na Bahrain nazo katika fils 1,000. Kwa hiyo bei ya rial moja na baisa mia mbili na hamsini huandikwa 1.250 katika duka lolote la Muscat. Programu iliyotungwa na mtu anayedhani kwamba fedha zote zina senti mbili, na kwamba tarakimu tatu lazima ziwe maelfu, itamtoza mnunuzi rial 1,250. Faranga za Rwanda na Burundi na shilingi ya Uganda, kwa upande wake, hazitumii desimali yoyote katika orodha ya kimataifa ya sarafu, kwa hiyo huko tarakimu tatu baada ya mkato karibu daima ni maelfu. Umbo lilelile, katika jedwali moja la biashara ya kanda, linaweza kubeba maana zote mbili safu kwa safu.

Sasa tuone kompyuta hufanya nini. Lugha ya C, ambayo imezaa nyingi za leo, ina mipangilio ya eneo inayoshikilia programu nzima. Programu ikianza, husoma namba kwa nukta; ikiiomba kompyuta itumie mipangilio ya mwenyeji, na mwenyeji ni wa Ufaransa, Ujerumani au Kongo, kuanzia hapo nukta si alama ya desimali tena. Ipe kazi ya atof maandishi 3.75 katika hali hiyo: itasoma 3, itakutana na nukta isiyoitambua, itasimama, itarudisha 3. Hakuna onyo lolote. Kinachoumiza ni kwamba mwandishi huenda hakuomba mabadiliko hayo hata mara moja. Maktaba ya kuchora madirisha kama GTK huyaomba kwa niaba yake inapoanza kazi, ili menyu zitoke kwa lugha ya mtumiaji, na faili lililosomeka vizuri jana likasomeka vibaya leo kwa sababu programu imeongezewa kitufe. Katika .NET hali ni mbaya kwa namna nyingine: double.Parse, isipoelezwa lolote, hufuata mipangilio ya kompyuta, na kwenye kompyuta ya Kijerumani 1.5 hurudi ikiwa 15, kwa kuwa nukta imedhaniwa ya maelfu na kutupwa tu, ingawa nyuma yake hakuna tarakimu tatu. Hata ukiiagiza itumie kanuni isiyo ya nchi yoyote, 1,5 itakuwa 15 kwa mantiki hiyohiyo, mpaka uizuie waziwazi isikubali vitenganishi vya maelfu.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na sitaki kulipita haraka. Je, si haki mashine imheshimu mtumiaji wake? Mwalimu wa Bukavu anayejaza alama za wanafunzi kwenye simu ana haki ya kuandika 12,5 na kueleweka, na programu inayomlazimisha kuandika kwa mtindo wa London au Nairobi inamwambia kwamba elimu yake ni ya pembeni. Nakubaliana na hoja hii yote. Mipangilio ya eneo ilibuniwa kwa heshima hiyo, na mahali pake ni pale ambapo mtu hai anaandika au anasoma. Kosa ni kuipeleka mahali ambapo hakuna mtu. Faili lililoandikwa na programu moja ili lisomwe na nyingine halina mwenyeji; kompyuta linapofunguliwa haina uhusiano wowote na pale lilipoandikwa. Kuiuliza kompyuta ya Dar es Salaam namna ya kusoma namba iliyoandikwa Lubumbashi ni kumuuliza mpokea barua maana ya alama alizotumia mwandishi. Kiwango cha HTML kimetenganisha mambo haya vizuri: katika kisanduku cha namba, kivinjari kinaweza kumwonyesha mtumiaji mkato na kupokea mkato kutoka kwake, lakini thamani inayokwenda kwenye seva huwa na nukta siku zote. Mwalimu wa Bukavu anaandika kama alivyozoea, na seva haihitaji kujua yuko wapi.

Dawa ya kwanza ambayo waandishi wa programu huikimbilia ni kubadilisha kila mkato kuwa nukta kabla ya kusoma. Inatibu 12,5 vizuri kabisa, na ndiyo maana inaenea. Ipe 1,234.56 kutoka Nairobi: inakuwa 1.234.56, na parseFloat ya JavaScript, ambayo husoma hadi inapokwama na kunyamaza, itarudisha 1.234. Shilingi elfu moja mia mbili na zaidi zimekuwa shilingi moja. Dawa ya pili ni kuilazimisha programu nzima itumie mipangilio ya Kiingereza. Hiyo humnyima mwalimu wa Bukavu haki tuliyomkubalia hivi punde. Na katika C, kwa kuwa mipangilio ni ya programu nzima, kuibadilisha kwa muda ili usome faili kisha kuirudisha kunaweza kuvuruga uzi mwingine wa kazi unaoendelea wakati huohuo. Kasoro ya namna hiyo hutokea mara moja kwa muda mrefu, haionekani ukiitafuta.

Dawa ya tatu ni kubahatisha, na hii ina watetezi hodari. Wanasema: soma safu nzima badala ya namba moja moja, ukipata hata 12,5 moja, umejua mkato ni wa desimali, na zile 1,250 zote zimepata maana. Kwa nyaraka za zamani ambazo mwandishi wake hapatikani, sioni njia nyingine, na ni kazi halali kama mtu ataonyeshwa matokeo kabla hayajaingia kwenye hesabu. Lakini ubahatishaji hutegemea bahati ya kilichomo. Safu ya vipimo vya sonara inaweza kuwa na desimali tatu kuanzia juu hadi chini, pasipo hata namba moja ya kutoa ushahidi. Tena safu yenye wino wa watu wawili, mmoja wa Goma na mwingine wa Gisenyi aliyezoea kompyuta ya Kiingereza, itakupa ushahidi unaopingana. Kibaya zaidi, programu inayobahatisha hubadili jibu lake data zinapobadilika: leo faili lina 12,5 na linasomwa sawasawa, kesho mstari huo umefutwa na kila kitu kimeongezeka mara elfu.

Wapo waliolimaliza tatizo hili zamani bila kubahatisha, na inashangaza kwamba hawatajwi mara nyingi. SWIFT, mtandao wa ujumbe wa mabenki ulioanzishwa 1973 na kuanza kazi 1977, uliandika katika kanuni za ujumbe wake wa aina ya MT kwamba kiasi cha fedha huandikwa kwa mkato wa desimali, na kwamba mkato huo ni lazima hata kusipokuwa na senti. Benki ya Nairobi, inayowaandikia wateja wake nukta kila siku, ikituma dola elfu moja kwa ujumbe huo huandika 1000, na mkato mwishoni. Vitenganishi vya maelfu havipo kabisa. Ujumbe mpya wa ISO 20022, unaochukua nafasi ya ule wa zamani, unatumia nukta. Mabenki yalihama kutoka mkato kwenda nukta bila kugombana juu ya utamaduni wa mtu, kwa sababu katika kila mfumo alama ilikuwa imeandikwa waziwazi na haikutegemea kompyuta iko wapi. EDIFACT, mfumo wa nyaraka za biashara na forodha wa Umoja wa Mataifa, ulichukua njia ya pili: mwanzoni mwa ujumbe kunaweza kuwekwa kipande kinachoitwa UNA, na herufi mojawapo ndani yake hutangaza alama ya desimali itakayotumika. Aliyeandika ametamka kanuni yake kabla ya namba ya kwanza. JSON, inayobeba data nyingi za simu zetu leo, inaruhusu nukta pekee. Mifumo hii yote inatimiza sharti lilelile, na ndiyo maana silipi uzito kabisa swali la alama ipi ni bora.

Kinyume chake ni CSV, faili la safu zinazotenganishwa kwa mkato, ambalo halina mahali pa kutangaza chochote. Excel kwenye kompyuta ya Kifaransa au Kijerumani hulitoa likiwa na nukta-mkato baina ya safu, maana mkato umeshachukuliwa na desimali. Kulifungua Arusha ni kukuta kila mstari umejazana katika safu moja. Kwenye majiranukta ya ramani hali huwa wazi zaidi. Bukavu iko karibu na -2.5 na 28.86. Ziandike kwa mkato wa desimali na mkato wa kutenganisha, upate -2,5,28,86, na tayari una namba nne. Hata faili likifunguka, Excel ya Kijerumani ikikuta 1.5 huigeuza kuwa tarehe 1 Mei, na thamani ya awali haipo tena. Tabia hii ya kugeuza maandishi kuwa tarehe iliwasumbua wanasayansi wa jeni kiasi kwamba uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta makosa hayo katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kubadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1. Sayansi ilisalimu amri mbele ya lahajedwali. Sidhani tuwaombe watu wa Kongo wafanye vivyo hivyo na mkato wao.

Linabaki suala la kukataa, ambalo najua halipendwi. Wateja hulalamika programu inaposema «sielewi namba hii», na meneja huona bora jibu lolote kuliko kosa jekundu kwenye kioo. Lakini pima hasara. Karani aliyekataliwa anapoteza dakika moja kuuliza. Karani aliyepokea uzito uliozidishwa mara elfu ataupeleka kwenye ushuru, bima na ankara kabla ya yeyote kuuona. Python huliona hili: float ikipewa 3,14 hutoa kosa papo hapo, pale ambapo parseFloat hurudisha 3. C++ tangu toleo la 2017 ina from_chars, isiyotazama mipangilio ya eneo kamwe, nayo humwambia mwandishi ilipoishia kusoma. Ni juu yake kuhakikisha hakikubaki kitu nyuma. Java ina Double.parseDouble iliyo kali, na kando yake NumberFormat, ambayo kwa mipangilio ya Marekani hupokea 1,5 na kurudisha 15. Ukali huo hauzuii upole kwa mtu. Programu inaweza kumwuliza karani: «Je, umekusudia tani 28 na kilo 450, au tani elfu 28?» Swali hilo linaweza kujibiwa na mtu yeyote aliyewahi kuona lori.

Na upande wa kuandika unahitaji uangalizi uleule. Java hufuata mipangilio ya kompyuta katika String.format, kwa hiyo programu inayosoma kwa nukta inaweza kuandika kwa mkato na kushindwa kusoma faili lake yenyewe. Kifaransa nacho, katika hazina ya Unicode, kilibadilishiwa kitenganishi cha maelfu mwaka 2018 kutoka nafasi isiyokatika ya kawaida kwenda nafasi nyembamba isiyokatika. Kwa jicho ni tupu na tupu, kwa programu ni herufi mbili tofauti, na faili la toleo la zamani likakataliwa na toleo jipya. Mambo haya hayaonekani kwenye kompyuta ya aliyeyaandika, kwa kuwa yeye na mashine yake hukubaliana daima. Yanaonekana akihamia mashine ya mwingine, na bahati nzuri safari hiyo haina gharama: badilisha mipangilio ya kompyuta ya majaribio kuwa Kiswahili cha Kongo, endesha majaribio yote upya, uone kama 28.450 iliyo ndani ya faili la JSON bado inatoka tani ishirini na nane.